Juu ya tiyo fupi, kaske na mshumaa



Tangu turudi kutoka vakansi ya Pasaka, mabishano ya bweni letu si tena juu ya mpira. Ni juu ya mashimo. Wenzetu watatu walipitisha vakansi wakibeba mchanga kule Rubaya kwa kutafuta minervali, na mmoja alirudi kutoka upande wa Walikale, kwenye kasiterite. Usiku taa ikizimwa kila mmoja anatetea shimo lake. Huyu anasema bila kaske hauwezi kuingia. Yule anasema kaske ni ya kupigia picha tu, kinachookoa mtu ni miti ya kushikilia udongo. Wa tatu anacheka, anasema mshumaa ndio daktari wa shimo. Bwana msimamizi amekwisha kugonga mlango mara mbili. Sisi wa kamati ya gazeti tumeona heri tuyaandike mchana, maana bishano lile si la mchezo.

Tuanze na mshumaa. Wazee wa shimo wanautanguliza mbele, na ukizimika hakuna mtu kupita. Hapo wako na haki. Hewa tunayovuta ina oksijeni 21 kwa mia, na ikishuka karibu na 16 mshumaa unakufa, wakati mtu angali na nguvu ya kurudi nyuma. Kwa hiyo mshumaa unasema kweli, lakini unasema neno moja tu. Moshi wa moteri una gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi, na inashika damu kupita oksijeni mara 200 na zaidi. Ndani ya gesi ile mshumaa utaendelea kuwaka vizuri kabisa, na watu watalala karibu yake wasiamke.

Na ndiyo habari ya mwenzetu wa Walikale. Shimo lao lilijaa maji. Motopompe ilikuwako, lakini tiyo ilikuwa fupi, haikufika mahali pa maji. Wachimbaji wakaomba tiyo ingine. PDG wa shimo akajibu: sawa, nitanunua, lakini nitaikata kwenye fungu lenu. Wakabishana siku mbili bila kazi. Siku ya tatu njaa ikaamua: wakaishusha motopompe yenyewe ndani, wakaiwasha mule mule. Watu wawili walitoka wakitapika, kichwa kikiwauma kama cha malaria. Wa tatu walimvuta kwa kamba. Alipona, Mungu asaidie, lakini mpaka mwenzetu anaondoka alikuwa bado anasahau majina ya watu. Hatutaji shimo wala mwenyewe, si kazi yetu. Tunasema tu kwamba mule ndani mshumaa haukuzimika hata kidogo.

Basi tiyo ni ya nani? Wengi bwenini wanasema ni ya wote, kwa sababu fungu ni la wote. Sisi hatukubali. Katika mashimo mengi mchimbaji hana mshahara. Anangoja mchanga uuzwe, na kabla ya kugawa wanakata kwanza posho, esansi, bei ya moteri. Ukiongeza hapo kaske na tiyo, unamwambia mtu achague kati ya kichwa chake na chakula cha watoto. Atachagua chakula, na sisi pia tungefanya vile. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 anayejenga nyumba ndiye anayeagizwa kuzungusha ukingo juu ya dari, damu ya mtu isije juu ya nyumba yake. Mgeni anayepanda hakuagizwa kuja na ukingo wake mkononi.

Rafiki mmoja alitupinga, na neno lake lina uzito: PDG naye mara nyingi ni maskini, amekopa kwa wanegosia, ameuza ng'ombe kabla ya shimo kutoa hata kilo moja. Tunajua, wengine ni baba zetu. Lakini mtu asiyeweza kununua tiyo hajafikia bado kufungua shimo lenye maji. Na mwanegosia anayemkopesha kwa esansi, juu ya nini asimkopeshe kwa tiyo? Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba Rubaya peke yake imetoa karibu 15 kwa mia ya koltani ya dunia. Mahali fulani kwenye njia ile ndefu, kutoka mlimani mpaka kwenye telefoni, pesa ya tiyo iko.

Mwalimu wetu wa fizika, aliposikia kelele hizi, alituambia habari ya watu wanaoingia katika mapango yaliyojaa maji, wamebeba hewa mgongoni. Hawa wanabishana juu ya vyombo kutupita sisi! Chupa zikae mgongoni au ubavuni? Mashine inayosafisha pumzi na kuirudisha, ni ya kuamini au ni ya kuogopa? Hawajamaliza mpaka leo. Lakini kuna mambo ambayo wanaofundisha kazi ile hawayabishanii. Kamba moja isiyokatika mpaka nje. Taa tatu kwa kila mtu. Theluthi moja ya hewa kwa kuingia, theluthi kwa kutoka, na theluthi haiguswi, ni ya hatari. Sheria hizi zilitoka kwenye maiti. Mmarekani Sheck Exley aliandika kitabu kidogo, kikatoka 1979, akipitia ajali moja moja na kuuliza kila mara: ni nini hasa kilichomwua huyu? Kwetu mtu akifa shimoni tunasema ni bahati mbaya, ao kuna aliyemroga, na juma linalofuata shimo limefunguliwa.

Na vyombo vizuri havitoshi. Januari 2005, katika pango la Boesmansgat kule Afrika ya Kusini, rubani wa Australia Dave Shaw alishuka karibu meta 270 kwa kutafuta maiti ya kijana aliyekufa humo 1994. Alikuwa na vyombo vya bei kubwa na watu wa kumsaidia. Waya wa taa yake ulinaswa na kamba, akahangaika, pumzi ikamshinda, akafia pale pale.

Kati ya sheria zao iko moja ambayo ingefaa hata kwetu wasio na kaske, maana haina bei. Mtu yeyote, hata mdogo wa wote, akitoa alama ya kurudi, wote wanarudi, na hakuna kumwuliza sababu. Muzikie hiyo sheria karibu na shimo la kwetu! Anayesema "turudi" anajibiwa "weye iko mwoga", na jioni hana fungu. Sasa nani atasema?

Mwezi wa Januari 2026 mlima wa Rubaya uliporomoka kisha mvua, na habari zilizotangazwa zilihesabu wafu zaidi ya 200: wachimbaji, watoto, wamama wa soko. Kaske isingewasaidia. Kilichohitajika ni mtu wa kusema leo udongo umelowa, hapana kazi, na asikiwe. Sheria ya serikali inasema mchimbaji awe mtu mzima, na shimo lisipite meta 30, na iko idara ya SAEMAPE kwa kuangalia. Lakini tangu M23 ilipokamata Rubaya mwezi wa Aprili 2024, karatasi zile ziko mbali sana na mlima.

Hapa karibu tunaweza kuomba kitu. Tunamwomba Bwana Prefe, na kamati ya wazazi, mwanafunzi asifukuzwe katikati ya trimestri juu ya minervali, bali alipe kidogo kidogo, ao afanye kazi katika shamba la shule na ihesabiwe. Tunajua waalimu nao wanaishi kwa pesa ile ile, na hatuandiki haya kwa dharau. Lakini wanne wa bweni letu hawakwenda shimoni kwa kupenda koltani.

Mwenzetu wa Walikale ameshasema vakansi kubwa atarudi kule kule, maana deni lake ni la trimestri mbili. Tulimwuliza kama tiyo imenunuliwa. Alisema bado.