Basi Linaripoti Ofisini, Lori la Mbele Halijui

Ukitoka Dodoma usiku kwenda Singida, ukishazipita Bahi na Kintinku, barabara inaanza kuupanda mlima wa Saranda kuitafuta Manyoni. Malori hupenda kufia hapo. Semitrela yenye mzigo wa Kigali au Bujumbura inapasua tairi au inakata shafti kwenye kona, na pembeni hakuna nafasi ya kuisogeza. Utingo anashuka na panga, anakata matawi ya miti iliyo karibu, anayapanga kwenye lami nyuma na mbele ya gari. Sisi madereva wa barabara ya kati tunayaheshimu matawi yale kuliko kibao chochote. Ukiyaona tu, mguu unahamia kwenye breki.

Mchana yanatosha. Usiku hayatoshi. Tawi bichi haliakisi mwanga, na mara nyingi nalikuta nikiwa nimeshusha taa kwa ajili ya gari linalokuja mbele yangu. Upepo wa kiangazi wa huku kwetu unayasukuma hadi mtaroni. Baya zaidi, lori likishatengenezwa linaondoka na matawi yanabaki palepale, yanakauka kwa siku kadhaa. Dereva akishakuta matawi ya bure leo na kesho, keshokutwa haamini tena. Basi la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde mbili za kujiuliza kama matawi haya ni ya kweli au ya juzi zinammaliza mtu, na nyuma yake kuna abiria wamelala.

Mimi ni dereva wa basi, nakaa Dodoma, na naandika haya kwa sababu tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990. Niliunga mkono uamuzi ule na bado nauunga mkono. Lakini ukiwaingiza watu gizani, uwape macho ya gizani.

Ndani ya basi langu kuna kifaa cha VTS, ule mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwenendo wa mabasi. Nikizidisha mwendo kinalia, abiria wote wanasikia, na taarifa inakwenda ofisini kupitia mtandao wa simu. Sina ugomvi nacho. Kimewatuliza madereva ambao maneno ya mkaguzi yalishindwa kuwatuliza. Tatizo langu ni mahali taarifa inakoishia. Mwendo wangu unajulikana Dodoma mjini, kwenye kioo cha kompyuta, na lori lililokufa mita 300 mbele yangu halijui kama nakuja. Wala mimi sijui kama lipo. Kesho yake, likitokea la kutokea, ofisi itasoma vizuri kabisa nilikuwa kasi gani nilipoligonga.

Teknolojia ya kuzungumzisha magari yenyewe kwa yenyewe ipo, na haikuanza jana. Mwaka 2017 shirika la 3GPP, linaloandaa viwango vya mitandao ya simu duniani, lilikamilisha viwango vya kwanza vya magari kupeana taarifa moja kwa moja kwa redio ileile ya familia ya 4G. 2020 likaongeza vya 5G. Kila gari linatangaza mara 10 hivi kwa sekunde: nipo hapa, naelekea huku, mwendo wangu huu, nimekanyaga breki. Magari yaliyo karibu, mita mia kadhaa kutegemea kona na milima, yanapokea na kumtahadharisha dereva. Lori lililosimama kwenye kona litaendelea kusema limesimama, bila kumsubiri utingo atafute panga. Na likiondoka, tangazo hilo linakoma.

Kinachonivutia mimi wa nyanda za kati ni hiki: mawasiliano hayo ya moja kwa moja hayapiti kwenye mnara wala hayahitaji bando. Ukishuka Sekenke na kuingia mbuga ya Wembere unajua simu ilivyo, mara ipo mara haipo. Tuna makundi yetu ya WhatsApp ya kuarifiana, na ujumbe wa "kuna gari bovu Sekenke, kuweni makini" huwa naupata nikiwa nakunywa chai Igunga. Hata ungefika kwa wakati, nani anataka dereva wa basi asome simu kwenye mteremko?

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani wakubwa wetu hawajalitazama. Magari tunayoingiza yanatoka nchi ambazo hazikukubaliana redio moja. Japani, ambako Toyota ilianza kuuza magari yanayowasiliana mwaka 2015, inatumia masafa ya megahezi 760. China mwaka 2018 ilitenga megahezi 5905 hadi 5925 kwa mfumo wa familia ya simu. Marekani iliukamilishia mfumo huohuo kanuni zake Novemba 2024, kwa megahezi 5895 hadi 5925. Ulaya nako kuna magari, Volkswagen Golf kizazi cha 8 ni mojawapo, yanayotumia mfumo wa jamii ya Wi-Fi. Tazama stendi ya Nane Nane alfajiri: mabasi mengi ni Yutong na Zhongtong za China. Barabarani tunapishana na Scania na DAF zilizotumika Ulaya, na magari madogo ya mtumba kutoka Japani. Tukikaa kimya, yataingia kila moja na lugha yake, yatapishana Saranda kama mabubu.

Najua nitaambiwa gharama. Najua pia kwamba kifaa kimoja peke yake hakina faida, kinahitaji mwenzake. Ndiyo maana nasema tusianze na kila Noah na kila Fuso la mahindi ya Kibaigwa. VTS ilianzia kwenye mabasi. Hii nayo ianze na mabasi ya masafa marefu na malori ya mizigo ya nje, hayo ndiyo yanayogongana na kuua wengi kwa mara moja. Nitaambiwa pia madereva watakichokonoa kama wengine walivyoichezea VTS. Nawafahamu wenzangu. Wanachokonoa waya za kifaa kinachowasemea kwa wakubwa. Kifaa kinachowaambia kuna tela limelala mbele yao watakitunza, mradi kisigeuzwe cha kuwatoza faini.

Ng'ombe wanaovuka saa moja jioni pale Bahi hawatatangaza chochote, wala punda wa mkokoteni wa maji, wala bodaboda isiyo na taa. Kwa hao tutaendelea kutumia macho, na mwendo wa polepole.

Lakini masafa yanaweza kuamuliwa sasa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, itamke ni masafa gani Tanzania inayahifadhi kwa magari kuzungumza, TBS, shirika la viwango, iandike kiwango ambacho basi na lori jipya litafuata, na LATRA na Chuo Kikuu cha Dodoma, chenye ndaki nzima ya kompyuta, wachukue mabasi na malori machache wayajaribu kati ya Kintinku na Manyoni kwa msimu mmoja wa kiangazi na mmoja wa mvua. Bunge linakaa Dodoma hapa hapa. Mbunge anayetaka kuona ninachosema aje tupande Saranda usiku, kiti cha mbele nitamwachia. Leseni za mabasi huhuishwa kila mwaka, na kila anayehuisha anaulizwa habari za VTS. Nataka siku moja aulizwe pia kama basi lake linasikia lililo mbele.