Taa za pikipiki zinapimika nyumbani

Makala iliyowataka wenye pikipiki za safari wasiguse kabisa nyaya za taa za ziada, wamwachie fundi kila kitu, haikumfikiria anayelala Isongole ili asubuhi avuke mpaka kwenda Chitipa, Malawi. Tunduma, kwenye mafundi wengi, iko zaidi ya kilomita 50 nyuma yake.

Mwandishi anahofia moto, na hofu hiyo ni ya haki: anayeziba nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya anaweza kuteketeza pikipiki. Lakini dawa ya hatari hiyo ni kumfundisha mwenye pikipiki hesabu. Taa mbili za wati 40 kwenye betri ya volti 12 huvuta karibu ampea 7. Fyuzi ya ampea 10 inatosha. Ukiibadilisha ikaungua tena papo hapo, kagua waya uliochubuka karibu na usukani, unakopindwa kila kona.

Fyuzi nzima lakini taa haziwaki? Washa swichi, sikiliza relei. Ikilia bila taa kuwaka, unganisha waya wa muda kutoka hasi ya betri hadi hasi ya taa. Zikiwaka, kutu au rangi imezuia umeme pale waya ulipofungwa kwenye fremu. Piga msasa, kaza boliti, uondoke.