Lami Haitafuti Tundu

Mwandishi aliyewashauri wakazi wa Ruharo, Mbarara, wapake lami kuzunguka bomba la kupumulia juu ya paa kila dari inapolowa ameficha doa tu, tundu ameliacha. Maji hayashuki wima. Huingia penye msumari uliolegea juu ya mteremko, yakafuata mbao, yakadondokea karibu na bomba. Ili kulipata tundu, pandeni paani na mpira wa maji, mwenzenu abaki darini na tochi. Mwagieni kwanza chini ya bomba, kisha juu yake, polepole, dakika kadhaa kila sehemu. Na dari ikilowa wakati wa kiangazi? Mvua haihusiki, kagueni maungio ya bomba lenyewe. Mkiziba tundu, saruji msiiguse kabisa: mabati hutanuka juani, saruji ikapasuka kabla ya mvua za Septemba kufika Mbarara.