Haki ya Mwenzetu Tuliyemzika Paje

Ndugu zangu mliosoma naye ualimu kule Beit el Ras, nasema nanyi waziwazi. Mazishini Paje tulikwenda. Tuliacha kazi, tukapita Tunguu na Jozani, tukabeba jeneza, tukatoa ubani, tukasoma khitma. Hayo ni mema, wala siyapunguzi. Lakini tangu siku ile kumbukumbu yetu imehamia kwenye simu: picha yake ya ujana, dua ya mstari mmoja, kisha kimya. Haimtoshi marehemu, wala haiwatoshi aliowaacha.

Fikirini hali ya mjane. Yumo edani, miezi minne na siku kumi, hatoki kuhangaika na karatasi maofisini. Na miezi hiyo hiyo ndiyo yenye mambo mazito: mirathi kupelekwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, haki za kazini kufuatiliwa, mahitaji ya skuli ya watoto kutafutwa. Paje nayo si ile ya 1989, mama zetu walipoanza kulima mwani pale pwani. Siku hizi ufukwe wote unatamaniwa kwa hoteli. Mayatima walioachiwa kiwanja na minazi michache wanahitaji mtu wa kuusoma mkataba kabla mama yao hajaletewa kalamu atie saini. Sisi tumesoma, na tulisoma pamoja naye, yeye akitufafanulia hesabu usiku dakhalia mpaka tukaelewa.

Mtasema ana ndugu zake. Anao, na wao ndio wa mbele. Lakini ya chuoni hawayajui: nani alimkopesha, nani alikopa kwake. Mtume (S.A.W.) aliletewa maiti mwenye deni, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada aliposimama kulibeba deni lile. Basi anayemdai mwenzetu akaseme kwa ndugu zake, na akiweza asamehe. Na aliyekopa kwake alipe bila kungoja kuulizwa, maana aliyekuwa akijua amekwisha zikwa. Hilo la pili ndilo linalonitia hofu zaidi.

Wala tusikome arubaini ikipita. Baada ya Bi Khadija kufariki, Mtume alikuwa akichinja huwapelekea nyama rafiki zake bibi yule. Alimkumbuka kwa kuwatendea wema watu wake.

Kwa hiyo naomba: wawili kati yetu wanaokaa mjini wamwendee kaka wa marehemu, wamwombe idhini, wafuatane naye Kamisheni. Tunaosomesha bado tugawane masomo ya wanawe, kila mmoja lake, na madaftari yake ya hesabu tuwaombe wenyewe yakatumike skuli. Mama yake mzazi bado hushuka pwani maji yakitoka kwenda kufunga mwani. Naye apelekewe chochote kila mwezi, kwa mkono wa mtu atakayekaa kitako azungumze naye. Aliye tayari asinijibu mimi. Amwendee kaka mtu wiki hii, eda haijesha.