Dola inapimwa, maji ya kisima hayapimwi

Lubumbashi hakuna anayepokea noti ya dola mia bila kuigeuza mara mbili. Ikiwa na alama ndogo ya kuchanika, inarudishwa. Katika benki na maduka makubwa inawekwa chini ya taa ya zambarau, na uzi uliofichwa ndani yake unang'aa. Mama wa Katuba anayechota maji ya kisima hana kitu cha namna hiyo. Anayaangalia kwa macho, anaona ni meupe, anapika bukari.

Lakini taa karibu sawa na ile ya dola inaweza kusaidia hata kwenye kisima. Wanakemia wametengeneza vipimo vya kung'aa: molekuli zinazokamata chembe za metali zilizoyeyuka majini. Vingine, kama vile vya jamii ya rodamini, vinakaa bila mwanga mpaka vikutane na zebaki au risasi, kisha vinawaka. Vingine hufanya kinyume. Kalseini ina mwanga wa kijani, na shaba ikiingia mwanga huo unafifia. Tone moja ndani ya chupa, taa, dakika chache.

Mji huu una sababu zake za kutaka jibu la haraka. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na udongo wa Penga-Penga, ulioko upande moshi wake ulipopelekwa na upepo, bado una metali nyingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa wakaaji wa Katanga na kukuta kobalti kwa viwango ambavyo vilikuwa havijawahi kuripotiwa popote kwa watu wa kawaida. Utafiti wa 2020 hapa mjini ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi za madini wana hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro. Na mwezi Novemba 2025, maji ya bwawa la kampuni moja ya madini yalimwagika mitaani upande wa Kasapa, mpaka Waziri wa Madini akasimamisha kazi zake. Siku kama hiyo, mtu mwenye kisima anataka kujua jioni ile ile kama anywe au asinywe.

Hata hivyo kuna mtego. Katika maji ya huku shaba na kobalti hutembea pamoja, na vipimo vingi huchanganya metali moja na nyingine. Tope peke yake linaweza kufifisha mwanga. Vumbi lililoganda juu ya majani ya lengalenga halionekani kabisa mpaka liyeyushwe kwanza kwa asidi. Tena Shirika la Afya Duniani linataka risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Kipimo kisichoweza kuona kiasi kidogo hivyo kitanyamaza mbele ya maji mabaya. Ni rahisi kuwaza mtu wa kampuni akifika mtaani na chupa yake isiyobadilika rangi na kuwaambia watu wanywe tu. Hapo teknolojia nzuri inakuwa karatasi ya kujikinga.

Kwa hiyo kipimo kiwe chekecheo la kwanza, na kishikwe na wakaaji wenyewe waliofundishwa. Chupa yenye mashaka iende Unilu ikathibitishwe kwa mashine, na visima vingine vichukuliwe sampuli mara kwa mara hata kama kipimo kimenyamaza. Majibu yabandikwe kwenye ofisi ya chifu wa mtaa, yenye tarehe na jina la kisima. Kwa muda mrefu majibu ya miili ya watu wa Katanga yamesomwa Ulaya kabla ya kusomwa Kenya au Kampemba.

Pesa si kisingizio. Sheria ya madini ya 2018 inadai kampuni zitoe angalau 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazowazunguka. Fungu hilo linajenga madarasa na kuchimba visima. Kabla kisima kipya hakijakatiwa utepe, maji yake yapimwe, na kamati ya mtaa iwe na haki ya kukikataa, kama muuza duka anavyokataa noti iliyochanika.