Tai chi haidesiki

Najua nimepotea karibu miezi miwili, na wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko kimyakimya. Sijadisko jamani. Nilikuwa BTP Kilosa, mtandao wa kubahatisha na bumu la kubahatisha vilevile. Nimerudi kampasi jana usiku, na kabla sijaanza kusaka madesa ya semista hii nina jambo la kusema. Tena linahusu hayohayo madesa.

Mnaonifahamu mnajua ugonjwa wangu wa tai chi. Nilianza mwaka wa kwanza kwa kuangalia vidio kwenye simu. Nilichukua ile fomu ya miondoko 24, iliyotungwa China mwaka 1956 kwa kufupisha mtindo wa Yang ili watu wengi wajifunze bila shida. Wiki tatu tu nikawa nimeimaliza. Asubuhi nipo nyuma ya bweni napeperusha mikono, watu wakipita wananipiga picha, kichwa kinavimba. Baadaye kilichovimba ni goti la kulia.

Kilosa nilipanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa pale. Siku ya tatu akanikuta uani nafanya mambo yangu. Akasimama na ndoo yake kichwani, akaangalia mpaka nikamaliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Sasa hicho ni nini? Maana naona kama unafukuza nyuki lakini huna haraka nao."

Nikamweleza kwamba ni mchezo wa kujihami wa Kichina, na unasaidia afya. Akacheka. Akasema, "Mwanangu, mbona umepinda? Hebu lete kichwa hicho." Akatua ndoo, akapunguza maji mpaka nusu, akanitwisha. "Haya, nenda mpaka kwenye mwembe urudi."

Wadau, sikufika. Hatua ya nne nilikuwa nimeloa mpaka kwenye soksi. Yeye anatembea na ndoo iliyojaa, haishiki, na njiani anasalimiana na watu.

Usiku nikafungua simu nisome vizuri, safari hii siyo vidio. Yang Chengfu (1883–1936), mjukuu wa yule Yang Luchan aliyejifunza katika kijiji cha akina Chen, jimbo la Henan, aliacha kanuni kumi. Ya kwanza kabisa inahusu kichwa: kikae wima na chepesi kana kwamba kimeshikiliwa kutoka juu, shingo isikaze. Nilikuwa nimeipita kanuni hiyo mara mia. Niliiona ni maneno ya utangulizi, kama ile sura ya kwanza ya desa ambayo wote tunairuka. Kumbe mama mwenye nyumba anaiishi kila asubuhi toka bombani.

Nikaanza kutazama. Wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja kwa zamu, mchi hauinuliwi na mikono peke yake. Nguvu inatoka miguuni, inapita kiunoni, mikono inaipokea tu. Kanuni nyingine hiyo: juu na chini vifuatane. Na goti langu nikalielewa. Nilikuwa nageuza mwili huku uzito wote umekaa kwenye mguu uleule, goti linaelekea huku na kidole gumba cha mguu kule. Vidio ilinionyesha mguu unaishia wapi, haikunionyesha uzito uko wapi, na tai chi yenyewe iko hapo kwenye uzito. Mguu mmoja umejaa, mwingine mtupu, na unajua muda wote upi ni upi.

Sasa niwape aibu yangu, maana bila hiyo hii stori ni porojo.

Wiki ya tatu nilifundisha Jiografia kidato cha pili, mada mafuriko. Nilikuwa nimejiandaa kwa notisi za rafiki yangu aliyefundisha mada hiyo mwaka jana. Nikaandika fasili ubaoni, nikawaimbisha, darasa zima likaitikia vizuri kama kwaya. Akanyoosha mkono binti mmoja wa nyuma. Akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, mbona Mkondoa unaweza kufurika na huku kwetu hakujanyesha?"

Kumbukeni mko Kilosa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto huo ulikula mji, watu wakahamia kwenye mahema, reli ya kati ikakatika. Yule binti alikuwa hajazaliwa au ndiyo kwanza mchanga, lakini kwao hiyo ni habari ya nyumbani. Na mimi sikuwa na jibu. Nilihisi kifua kinakaza, mabega yanapanda. Nikamwambia, "Swali lako liko nje ya mada. Kaa."

Akakaa. Hakunyoosha tena mkono kipindi chote kile.

Kwenye tai chi ya jadi kuna zoezi la watu wawili, mikono imegusana, kila mmoja anamsukuma mwenzake taratibu. Kichina wanaliita tui shou, yaani kusukumana mikono. Peke yako unaweza kupendeza hata kama hujui kitu. Akikusukuma mwenzako, siri inatoka. Aliyekariri anakaza, na akikaza anaangushwa kirahisi. Aliyeelewa anaupokea msukumo, anaufuata, anaugeuza, na miguu yake bado iko chini. Swali la yule binti lilikuwa msukumo. Mimi nilikaza, halafu nikatumia cheo cha chaki kumwangusha yeye badala ya kuanguka mimi.

Jumamosi yake nikaenda Mikumi kupumzisha akili. Kwa wasiojua, njia ya kutoka Kilosa inapita kijiji kinaitwa Ulaya, kwa hiyo naweza kusema nimeshafika Ulaya na hakuna wa kunibishia. Mikumi mjini nikapanda basi la kuelekea Morogoro, lile linalokatiza hifadhini, maana barabara kuu inapita katikati ya mbuga. Basi likapunguza mwendo, tembo wanne pembeni. Nikamwangalia mmoja tu, miguu yake. Ananyanyua mguu mmoja pale tu uzito ulipokwisha kuhamia kwenye mingine. Mnyama wa tani kadhaa anatembea kama anapapasa. Nikajisemea: huyu hana pupa ya kumaliza hatua. Mimi nina pupa ya kumaliza mada.

Niliporudi Kilosa nikachukua ramani. Mkondoa unalishwa na Kinyasungwe, ambao unakusanya maji ya upande wa Dodoma. Mvua ikishuka kule, maji yanashuka huku, hata kama Kilosa jua linawaka. Jibu ni fupi hivyo, ila kwenye desa halimo. Jumatatu nikasimama mbele ya darasa nikasema: "Wiki iliyopita mwenzenu aliuliza swali zuri nikamnyamazisha kwa sababu sikujua jibu. Naomba radhi." Kimyaa. Halafu tukachora mto pamoja. Ule mkono wa nyuma ulinyooshwa tena dakika kumi baadaye, na ndiyo maksi niliyoitaka kuliko ya mkaguzi.

Sasa msimamo wangu. Najua mtasema kila kitu huanza kwa kuiga. Sikatai. Hata kijijini kwa akina Chen mtoto anamwiga mwalimu miaka mingi kabla ya kuelezwa. Lakini pale mwalimu yupo, anamshika bega, anamsukuma, anamwambia rudia. Kuiga ni mlango wa kuingilia, na sisi tumeugeuza kitanda tukalala hapohapo. Tunadesa mwaka wa kwanza mpaka wa tatu, tunapiga msuli usiku wa mwisho kwenye vimbweta, tunafaulu, tunapewa chaki. Yang Chengfu anasema tumia nia, usitumie nguvu za msuli. Angepita hapa kampasi wiki ya mitihani angelia, hahaha.

Rumeti wangu ananiuliza kila siku: hiyo siyo dini ya Kichina? Fikra za yin na yang zimo, sitamdanganya mtu. Ila mimi nasali ninaposali siku zote, na hakuna aliyeniomba niache. Mwaka 2020 UNESCO iliiweka tai chi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na utafiti uliochapishwa 2012 kwenye jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba iliwasaidia wagonjwa wa Parkinson kusimama imara zaidi. Haiponyi kila kitu, na anayekwambia inaponya kila kitu anakuuzia kitu.

Na anayedhani ni upolepole tu naye amekosea. Mtindo wa Chen una mapigo ya ghafla yanayotoka kama mlipuko. Wanakwenda polepole mazoezini kwa sababu ukienda haraka huwezi kuona kosa lako. Nikifikiria ualimu, naona somo ni lilelile.

Kwa hiyo wanaelimu wenzangu mnaosubiri fildi: kabla hujaingia darasani na notisi za mtu, mwombe mwenzako akusukume. Akuulize "kwa nini" mara tatu. Ukiona mabega yanapanda, mada hujaielewa, rudi ukasome. Goti likiuma kwa tai chi ya kudesa ni goti lako mwenyewe. Darasani anayeumia ni mtoto wa mwenzio, na hatakwambia. Atakaa chini tu.

Mimi fomu nimeianza upya, mwondoko wa kwanza peke yake. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nyuma ya bweni, anayetaka aje. Ndoo ninayo.

Tuko pamoja.