Mnalilia Chupa, Mpika Pombe Mmemsahau

Kuna maombolezo yamekuwa mtindo kwetu sisi tuliosoma: kulilia bia zilizokufa. Mtu anapata lebo ya zamani, anaipiga picha, kisha anaandika maneno matamu juu ya ujana wa baba yake, baa zenye viti vya chuma na ladha ambayo haitarudi tena. Sina ugomvi na kumbukumbu za mtu. Ugomvi wangu ni kwamba tumeanua tanga kwenye nyumba isiyo yetu, na nyumba ya jirani kuna mgonjwa wetu wa damu hajapata hata mtu wa kumpelekea maji.

Tuanze na marehemu anayeliliwa. Kibo Breweries kilikuwa kiwanda cha Moshi, na bia yake, Kibo Gold, ilibeba jina la kilele cha mlima. Mwenye kiwanda, hata hivyo, alikuwa kampuni ya Kenya, East African Breweries. Ng'ambo ya mpaka, Thika, SAB ya Afrika Kusini ilikuwa na kiwanda chake cha Castle. Kila mmoja alikuwa ameingia shambani kwa mwenzake, na vita vya bei na matangazo vikawachosha wote wawili. Mwaka 2002 wakapatana. Kiwanda cha Thika kikafungwa, kiwanda cha Moshi kikafungwa, na wakabadilishana hisa: asilimia 20 ya TBL ikaenda kwa Wakenya, asilimia 20 ya Kenya Breweries ikaenda kwa SAB. Kenya ikabaki kwa mmoja, Tanzania kwa mwingine, kama ndugu waliogawana kiwanja cha urithi. Mlima ulikuwa kwenye lebo tu. Kwenye meza ya mazungumzo haukuwa na kiti.

Na hiyo TBL yenyewe? Ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1933 kwa jina la Tanganyika Breweries, ikanunuliwa na kampuni ya Kenya kabla haijapata meno. Ikaitwa Tanzania Breweries mwaka 1964, ikaingia mikononi mwa serikali baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1993 nusu yake ikauzwa kwa SAB, na mwaka 2016 SABMiller nzima ikamezwa na AB InBev ya Ubelgiji. Mnywaji amebaki pale pale kwenye kiti chake, akibadilishiwa wenye mali juu ya kichwa. Anayelia kwamba "bia yetu" imekufa atuonyeshe kwanza ni siku gani ilikuwa yetu.

Sasa tuteremke Tindiga, wilaya ya Kilosa, kwenye mashamba ya mpunga na mahindi ya bonde la Mkata. Hapa hakuna kiwanda cha bia cha kufungwa, hakuna lebo ya kupiga picha. Kwa kipimo cha waombolezaji wetu, Tindiga haina historia ya bia. Lakini nenda kilabuni, siyo baa, uone bia ya mahali inavyotengenezwa. Nafaka inalowekwa, inaoteshwa, inaanikwa, inasagwa: hicho ndicho kimea. Unga unapikwa uji mzito, ukishapoa kimea kinatiwa, nacho kinageuza wanga kuwa sukari. Kisha chachu inafanya kazi yake. Mama anayepika hana kipimajoto. Anachovya kidole, ananusa, anatega sikio kwenye pipa. Hii ni kemia, na aliifundishwa na mama yake bila ubao wala cheti.

Pombe hiyo ikipita siku mbili tatu inachachuka kupita kiasi. Haisafiri, haiwekwi stoo, haiuzwi Dar es Salaam. Waombolezaji wanatafuta bia ya mkoa. Basi ni ipi ya mkoa kuliko ile isiyoweza kuondoka mkoani? Tena Kilosa haikuwa na mpishi wa aina moja. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalileta manamba kutoka pande nyingi za nchi, na watu hawahami wakaacha vinywaji vyao nyuma. Wapo wenye ulanzi wao kule Iringa, wenye mbege yao Kilimanjaro, wenye rubisi yao Kagera, wenye wanzuki ya asali. Hizo ndizo bia zetu za mikoa, na nyingi zimebakia mikononi mwa wanawake watu wazima ambao mabinti zao hawataki kurithi pipa.

Nani ameziandika? Mwaka 1961 Mmarekani, T. O. Beidelman, alichapisha makala nzima juu ya unywaji wa pombe na wizi wa ng'ombe Ukaguru, nchi ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Kilosa. Mgeni aliona kwamba kwenye pombe kuna siasa, uchumi na ujirani. Sisi wenye nchi tunaandika juu ya vizibo.

Mtaniambia: pombe ya kienyeji imekufa kwa sababu watu wameendelea. Si kweli. Imebanwa. Mkoloni aliitenga kwa sheria, akaiita pombe ya wenyeji, akaiwekea leseni na saa zake. Uhuru ulipokuja tukatunga Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na ule mstari kati ya pombe ya kienyeji na vileo vingine ukabaki palepale. Kisha tazama majirani. Uganda ilipunguza ushuru wa bia inayotengenezwa kwa mtama wa nyumbani, na Eagle Lager ikaingia sokoni ikistawi. Kenya ikafanya vivyo hivyo kwa Senator mwaka 2004. Kampuni kubwa ikigundua mtama, inapewa nafuu ya kodi na kusifiwa kwamba inamwinua mkulima. Mama aliyeununua mtama huo huo kwa mkulima huyo huyo, miaka yote, anapewa mgambo wa kumwaga pipa lake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu hajawahi kusifiwa hata mara moja, tukaona kama ameharibu.

Lipo jibu zito zaidi: pombe hizi zinaua, zinavunja nyumba. Ulevi unavunja nyumba, ndiyo, na haujali kama pombe ilitoka kwenye chupa au kwenye kata. Kuhusu vifo, tutenganishe mambo. Makumi ya watu waliokufa Kenya mwezi Mei 2014 waliuawa na methanoli iliyochanganywa kwenye pombe kali. Hilo halikutokea kwenye uji wa mtama uliochachushwa. Kwetu pombe kali ya bei rahisi iliuzwa kwenye viroba, vikiwa na chapa kamili, mpaka vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Uchafu wa maji na vyombo kilabuni ni tatizo la kweli, na dawa yake ni maji safi, mafunzo na ukaguzi. Kumwaga pipa hakujamsafisha mtu.

Waingereza nao waliona bia zao za mahali zinamezwa na kampuni kubwa. Mwaka 1971 wanywaji wanne wakaanzisha CAMRA, chama cha kutetea bia halisi, wakati wapishi wake wangali hai. Walisumbua kampuni, walisumbua wabunge, walitembea baa kwa baa wakiandika nani anapika nini. Hawakungoja mazishi.

Kwa hiyo nawaombeni kazi, ninyi mnaojua kuandika. Waacheni Kibo na Thika wapumzike. Nendeni Tindiga, na kila mahali palipo kama Tindiga, mkaandike kimea kinaoteshwa siku ngapi, moto wa kuni gani, pipa linafunikwa na nini, nani alimfundisha nani. Dodoseni halmashauri: ushuru wa vilabu unakusanywa, bomba la maji la kilabu liko wapi? Shinikizeni vikundi vya wanawake wapewe viwango vinavyowafaa na leseni wanayoweza kuilipia, na nafuu ya kodi ya mtama iwafikie na wao. Lebo itakungoja kwenye droo miaka hamsini. Mama mpika pombe wa Tindiga hatakungoja hivyo, na akifa hataacha chupa.